Kumlisha mbwa mdogo nyama mbichi: anza na mizani

Watu wengi wanaotaka kumhamishia mbwa wao kwenye nyama mbichi wanachukua ratiba ya mbwa mkubwa halafu wanaigawanya tu, yaani wa kilo 30 anakula kilo moja kwa siku basi huyu wangu wa kilo 3 namkatia gramu mia, imeisha hiyo. Hesabu haiendi hivyo. Mwili mdogo unapoteza joto haraka na unachoma nguvu nyingi kwa kila kilo, ukitumia ile fomula ya mavet (70 mara uzito uliopandishwa kwa kipeo cha 0.75) unakuta wa kilo 3 anahitaji kalori 53 hivi kwa kila kilo hata akiwa kajilalia tu, wa kilo 30 anahitaji kama 30. Karibu mara mbili. Na kosa dogo kwa huyu mdogo sio dogo tena, gramu 10 za ini zikizidi kwa mbwa mkubwa hakuna atakayejua, kwa Chihuahua hizo ni zaidi ya ini lake la siku nzima. Ndo maana kitu cha kwanza kununua sio nyama, ni mizani ya jikoni ya dijitali inayosoma gramu moja moja. Mambo ya kukadiria kwa kiganja sahau kabisa.

Ila kabla ya mizani kuna nyumba na kuna mbwa ambao hii kitu haiwafai. Nyumba yenye mtoto chini ya miaka 5, mjamzito, mzee, au mtu anayetumia dawa zinazoshusha kinga ya mwili, achana nayo, mpikie tu. Bakteria kama salmonela, listeria na kampilobakta wanakaa kwenye nyama mbichi, mbwa anaweza kuwabeba tumboni bila kuumwa chochote halafu akakulamba mdomoni au akawatoa kwenye kinyesi. Chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani, AVMA, kilipitisha msimamo wake wa kupinga nyama mbichi kwa mbwa na paka mwaka 2012, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya huko huko, nao hawaipendi, kwa hiyo ukimwambia vet wako akakunja uso usimwone mbaya, sababu anazo. Upande wa mbwa wenyewe, Yorkshire Terrier na Maltese wapo kwenye mbegu zinazozaliwa sana na ule mshipa wa damu unaokwepa ini, mwenye tatizo hilo ukimjaza nyama amonia inapanda mpaka anaanza kuyumba na kushangaa ukutani. Miniature Schnauzer naye kongosho lake na mafuta haviivani. Pima damu kwanza, angalau ini na figo, ndo urudi kwenye mambo ya nyama.

Na watoto wa mbwa? Mimi nasema usijitungie. Kwa mtoto wa mbegu ndogo kalsiamu ikipungua mifupa inalainika na kuvunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kochi. Mpe chakula kilichoandikwa kamili kwa wanaokua, au ratiba iliyopigwa hesabu na daktari wa lishe ya wanyama, mpaka amalize kukua.

Sasa hesabu yenyewe. Kwa mbwa mzima mdogo anza na asilimia 4 ya uzito wake kwa siku (wakubwa ndo wanapewa 2 mpaka 3). Mgawanyo ambao wengi wanaanza nao ni nyama 80, mfupa 10, viungo vya ndani 10, na kwenye hiyo 10 ya mwisho nusu ni ini na nusu ni kiungo kingine kama figo au bandama. Hapa watu wanachanganya sana: moyo na firigisi ukivipima vinahesabiwa kama nyama, sio viungo. Moyo mpe tu, una taurini nyingi (kirutubisho kinachosaidia moyo), ila usiwe ndo nyama yote.

Tuseme mbwa wako ana kilo 4. Asilimia 4 ni gramu 160, yaani mfupa 16, ini 8, figo 8, nyama 128. Lakini huendi kununua mfupa mtupu, unanunua shingo ya kuku, na shingo ni mfupa kama asilimia 36, iliyobaki ni nyama na ngozi. Kwa hiyo kupata gramu 16 za mfupa unahitaji shingo gramu 44 hivi, ambayo imeshakuletea gramu 28 za nyama, unaongeza 100 za nyama tupu. Siku yake inakuwa:

shingo 44
nyama isiyo na mafuta mengi 100
ini 8
figo 8

Ukitumia bawa, lenyewe mfupa unafika karibu asilimia 46, kwa hiyo gramu 35 zinatosha na nyama inapanda kwenda 109. Miguu ya kuku ni mfupa zaidi ya nusu, hiyo kwa mbwa mdogo inazidisha haraka. Usiende na shingo tu mwaka mzima pia, kwenye koo kuna tezi ya thairoidi, na kuna mbwa wamepandishiwa homoni hiyo na chakula tu kwa sababu walikuwa wanalishwa makoo na mabaki ya shingo kila siku.

Mfupa haupo pale kwa ajili ya kutafuna, ni kalsiamu. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu karibu haipo, na mbwa anatakiwa apate kalsiamu sawa na fosforasi au iizidi, isipite mara mbili yake. Ikikosekana mwili unaichota kwenye mifupa yake mwenyewe, na taya ni moja ya sehemu zinazoumia mapema. Kama mbwa wako anameza bila kutafuna (Pomeranian na Shih Tzu wengi meno yamebanana, mengine yameshang'olewa) basi acha mfupa mzima, tumia uliosagwa pamoja na nyama au ganda la yai. Ganda lioshe, likaushe kwenye oveni, lisage liwe unga laini kabisa, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kina kama miligramu 2000 za kalsiamu na kinatosha karibu kilo moja ya nyama isiyo na mfupa. Kwa sahani ya gramu 150 hiyo ni ncha ya kijiko, kwa hiyo usichanganye kwa siku, changanya ya wiki nzima kwa pamoja, igawanye kwenye vikopo na ugandishe. Ini nalo fanya hivyo hivyo, likate vipande vya gramu 8 uvigandishe kwenye trei ya barafu. Ini likizidi kwa miezi vitamini A inajilimbikiza, shingo ya mbwa na maungio ya mifupa yake vinakakamaa.

Anayetafuna mpe kipande kikubwa kuliko mdomo wake ili alazimike kukifanyia kazi, na ukae hapo hapo mpaka amalize. Mfupa uliopikwa HAPANA, wa kuku wa ng'ombe wowote ule, unapasuka vipande vyenye ncha. Mifupa minene ya miguu ya ng'ombe pia hapana hata ikiwa mbichi, meno ya mbwa mdogo yanapasuka na kung'oa jino kwake mpaka apewe nusu kaputi.

Na hiyo 80/10/10 bado haijakamilika, ukweli ndo huo hata kama wanaoipenda hawapendi kuusikia. Mwaka 2011 watafiti wa Munich, Ujerumani, walipitia ratiba 95 za nyama mbichi walizotunga wenye mbwa, asilimia 60 zilikuwa na upungufu au uzidifu mkubwa wa kirutubisho fulani. Zinki, iodini, vitamini D na vitamini E ndo zinazopungua mara nyingi. Sadini za kopo zilizo kwenye maji bila chumvi mara mbili kwa wiki zinasaidia kwenye D na omega 3, yai zima kidogo linasaidia, iliyobaki mpe vet wa lishe orodha yako ya gramu akuambie uongeze nini, orodha ya gramu sio maelezo ya mdomo. Kama hiyo kazi hutaki, nunua mbichi ya friza iliyo tayari na iwe imeandikwa kamili kwa viwango vya AAFCO (Marekani) au FEDIAF (Ulaya), wanaoweka viwango vya lishe ya mbwa na paka, hamna aibu hapo.

Kuhamia chukua siku 7 mpaka 10, aina moja tu ya nyama, robo ya chakula kwanza halafu nusu. Mbwa mdogo usimfungishe ati "asafishe tumbo", sukari yake ya damu inashuka haraka, anatetemeka na kuanguka. Milo miwili mpaka mitatu kwa siku, ngozi ya kuku na mafuta vitoe wiki za kwanza. Kinyesi kitakuambia: kikitoka cheupe kinachovunjika kama chaki mfupa umezidi, cheusi laini chenye harufu kali viungo vimezidi, chenye ute mwingi umekimbia. Maji atakunywa kidogo kuliko zamani, hilo lisikutishe, karibu asilimia 70 ya nyama ni maji.

Friza inasaidia kwa minyoo na vimelea, sio bakteria. Viungo vya kondoo, mbuzi na ng'ombe gandisha siku 10 kabla ya kuvitoa, vinaweza kuwa na malengelenge ya mnyoo ambao mbwa akiupata unaweza kuhamia kwa mtu. Samaki mbichi siku 7 kwenye nyuzi joto hasi 20, na salmoni mbichi wa pwani ya Pasifiki ya Marekani Kaskazini mpike tu. Nguruwe mbichi mimi simpi mbwa, kuna kirusi cha Aujeszky kwenye baadhi ya nchi ambacho kwa mbwa hakina tiba. Nyama iyeyuke ndani ya friji, iliyoyeyuka imalizwe ndani ya siku 2, bakuli likae chini dakika 20 basi, kisha sabuni na maji ya moto, bakuli, ubao, kisu, sakafu na mikono. Kuku mbichi usimwoshe kwenye sinki, unarusha bakteria jikoni kote. Vitunguu vya aina zote, zabibu, na chingamu zenye zailitoli (sukari mbadala) visikaribie bakuli lake.

Mpime uzito kila wiki kwa mizani ile ile, akishuka au akipanda kwa gramu 100 na ana kilo 3 au 4 rekebisha chakula kwa asilimia 10. Akijikamua bila kutoa choo siku mbili, akitapika mara kwa mara huku mgongo umepinda, au akiharisha damu, ni kwa vet siku hiyo hiyo. Na kama miguu ya nyuma inaanza kulegea na anakula kuku mbichi, mwambie vet hilo la kuku kabla hajauliza, watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne mwaka 2018 walihusisha kuku mbichi na ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaoanzia miguu ya nyuma na kupanda, na wakaikuta kampilobakta zaidi kwa mbwa waliougua.