Programu tatu zinajifunga kwa mpigo? Anza na WebView

Simu huletwa mezani kwangu na maelezo ni yale yale: barua pepe inajifunga, programu ya habari inajifunga, na ile ya malipo ukifika kwenye ukurasa wa kuthibitisha inakutoa nje. Mwenye simu ameshazifuta zote tatu na kuzisakinisha upya. Wengine wamekwenda mbali zaidi, wakairudisha simu kama ilivyotoka kiwandani. Ikatulia kwa saa kadhaa, halafu ikajisasisha yenyewe na balaa likarudi. Kosa halikuwa ndani ya programu hata moja. Lilikuwa kwenye kitu ambacho zote tatu hukiazima: Android System WebView.

WebView ni injini ya kivinjari isiyo na kivinjari. Haina ikoni wala mahali pa kuandika anwani, na wewe huifungui. Programu ikitaka kukuonyesha ukurasa wa wavuti ndani yake, iwe masharti ya matumizi, fomu, makala au barua pepe yenye mapambo, haibebi injini yake. Inaiomba ile ya mfumo iuchore ukurasa huo. Injini yenyewe ni Chromium, ndiyo hiyo iliyo ndani ya Chrome. Kwa hiyo ukiikuta kwenye orodha ya programu bila kukumbuka uliisakinisha lini, usishtuke. Si kirusi. Nimeona watu wameizima kwa hofu hiyo, kisha wakaja kulalamika kwamba nusu ya simu imelemaa.

Hatua ya 1: Angalia toleo la Android

Fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, usome namba ya toleo la Android. Usiiruke hatua hii, kwa sababu WebView haijakaa sehemu moja miaka yote.

Android 4.4 ya mwaka 2013 ndiyo iliyoleta WebView ya Chromium, lakini ilifungwa ndani ya mfumo. Kuisasisha kulihitaji kusasisha simu nzima. Android 5.0 iliitoa nje ikawa kifurushi kinachosasishwa kupitia Play Store. Kisha kwenye Android 7, 8 na 9, Chrome yenyewe ikapewa kazi hiyo. Kwenye simu hizo utakuta Android System WebView imeandikwa kwamba imezimwa, na ndivyo inavyotakiwa kuwa. Kila wiki kuna mtu anayehangaika kuiwasha kwa nguvu kwenye Android 8, akidhani amegundua chanzo cha ugonjwa. Kwenye simu ya namna hiyo, kitu cha kukagua ni Chrome. Kuanzia Android 10 WebView ilirudi kuwa kifurushi chake, ingawa kinagawana maktaba moja (yaani msimbo wa pamoja) na Chrome, na ndiyo maana mara nyingi utaona vyote viwili vinasasishwa pamoja.

Hatua ya 2: Mgonjwa ni nani hasa?

Kama programu inayojifunga ni moja tu, na nyingine zote zinafungua kurasa bila shida, achana na WebView. Tatizo ni la programu hiyo au seva yake.

Kama ni mbili, tatu au zaidi, zisizo na uhusiano wowote, na zote huanguka pale zinapotaka kuonyesha ukurasa, WebView ndiyo mshukiwa wa kwanza. Hapo kuna jaribio ninalolipenda. Chukua ukurasa unaogoma ndani ya programu, ufungue kwenye Firefox. Firefox kwa Android hutumia injini yake yenyewe, Gecko, wala haigusi WebView. Ukurasa ukifunguka Firefox na ukagoma kwenye programu zote nyingine, umeshaibana. Ukigoma kote kote, tafuta kwenye mtandao au kwenye tovuti yenyewe.

Angalizo moja: programu ikijifunga ghafla mara moja tu, hasa wakati simu inasasisha vitu chinichini, huenda hakuna ubovu wowote. WebView inapopokea toleo jipya, mfumo huzisimamisha programu zilizokuwa zikiitumia ili zianze upya na injini mpya. Ifungue tena. Ikikaa sawa, endelea na shughuli zako.

Hatua ya 3: Soma kilichoandikwa kwenye ukurasa

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, kwa sababu watu wakiona maandishi ya kosa huyafunga kabla ya kuyasoma. Yapige picha ya skrini. Neno lile refu la herufi kubwa ndilo linalokwambia uelekee wapi.

*net::ERR_NAME_NOT_RESOLVED* maana yake simu haikuweza kuibadili anwani ya tovuti kuwa namba ya seva. Kagua mtandao, na kama uliwahi kuweka DNS ya faragha au VPN, izime kwa muda ujaribu tena. WebView haihusiki.

*net::ERR_CLEARTEXT_NOT_PERMITTED* hutokea programu inapojaribu kufungua anwani ya http isiyo na usimbaji. Tangu Android 9, programu zilizotengenezwa kwa ajili ya toleo hilo na yanayofuata huzuiwa kufanya hivyo isipokuwa mtengenezaji ameruhusu kwa makusudi. Huwezi kulitengeneza hilo ukiwa upande wako wa skrini, hata ufute akiba (nakala za muda ambazo programu hujiwekea) mara kumi. Mwandikie mtengenezaji wa programu.

*403: disallowed_useragent* humpata mtu anayejaribu kuingia kwa akaunti ya Google ndani ya programu nyingine. Watu hudhani WebView imekufa. La hasha: mwaka 2017 Google ilianza kukataa maombi ya kuingia yanayopitia WebView, kwa sababu programu iliyoibeba WebView inaweza kuchungulia unachoandika humo, nenosiri likiwemo. Programu inayokuonyesha kosa hilo imejengwa kwa mtindo wa zamani. Isasishe, au ingia kwa kutumia kivinjari.

Halafu kuna ukurasa mweupe pe, usio na neno hata moja. Huu ndio unaowasumbua wengi, na sababu moja ya kawaida ni ya kuchekesha: tarehe ya simu. Tarehe ikiwa imekosewa, cheti cha usalama cha tovuti huonekana kama kimeisha muda au bado hakijaanza. Kivinjari cha kawaida kingekupa onyo kubwa jekundu, lakini WebView, kama mtengenezaji wa programu hakuielekeza vingine, hukata muunganisho kimya kimya na kukuachia karatasi tupu. Niliwahi kuizungusha simu kwa karibu saa nzima, nikifuta hiki na kusakinisha kile, kabla ya kutupia jicho saa iliyo juu ya skrini na kuona iko miaka miwili nyuma. Siku hizi huanza na saa. Washa muda wa kiotomatiki, kisha ujaribu tena.

Hatua ya 4: Zima, washa, angalia nafasi

Izime simu kabisa na kuiwasha. Hakikisha hifadhi haijajaa, maana sasisho lililokosa nafasi haliingii, na simu haikwambii kila mara kwa nini.

Hatua ya 5: Isasishe, kwa njia sahihi

Ukiitafuta WebView kwa jina ndani ya Play Store huenda usiione. Pitia njia hii: Mipangilio, Programu, angalia programu zote, bonyeza vitone vitatu uchague kuonyesha za mfumo, kisha teremka hadi Android System WebView. Ndani yake, chini kabisa, kuna mstari wa maelezo ya programu unaokupeleka moja kwa moja kwenye ukurasa wake wa Play Store. Kukiwa na kitufe cha Sasisha, kibonyeze. Fanya hivyo hivyo kwa Chrome. Majina ya vitufe hutofautiana kidogo kwa kila mtengenezaji wa simu, ila mpangilio ni huo.

Namba ya toleo la WebView hufuata ile ya Chrome, hivyo ukiona Chrome iko mbele kwa matoleo mengi kuliko WebView kwenye Android 10 au zaidi, kuna kitu kimekwama.

Kama simu ni ya zamani, namba ina ukomo wake. Android 5 iliishia toleo la 95, Android 6 ikaishia 106, Android 7 ikaishia 119, na Android 8 na 9 zikaishia 138. Ukishafika hapo usitafute sasisho lingine, halipo. Na tafadhali usipakue faili ya WebView kutoka tovuti usiyoijua kwa kuahidiwa toleo jipya: hiki ndicho kitu kinachochora kurasa zako za kuingilia kwenye akaunti.

Hatua ya 6: Futa akiba, lakini ya nani?

Ushauri unaozunguka ni kufuta akiba na data za WebView. Hauna madhara makubwa, ila mara nyingi hausaidii, na sababu yake inafaa kuijua. Injini ni ya pamoja, lakini mizigo si ya pamoja. Kila programu huhifadhi vidakuzi (vijifaili vinavyokumbuka kwamba umeshaingia) na akiba ya kurasa ndani ya folda yake yenyewe. Ndiyo maana kuingia kwenye akaunti ndani ya programu moja hakukuingizi ndani ya nyingine.

Kwa hiyo, ukurasa ukiwa umeganda kwenye sura ya zamani au unakuzungusha kwenye kuingia bila kikomo, nenda kwenye programu yenye tatizo, fungua Hifadhi na akiba, ubonyeze Futa akiba. Jaribu. Ikishindikana ndipo ufikirie Futa hifadhi, ukijua kwamba hiyo inakutoa kwenye akaunti na kufuta rasimu na vitu ulivyopakua. Kwenye programu inayotoa namba za kuthibitisha kuingia, usiibonyeze kabisa kabla hujahamisha namba hizo kwingine. Hapo utajifungia nje mwenyewe.

Hatua ya 7: Rudi nyuma

Wakati mwingine sasisho ndilo lenye kasoro. Machi 2021, watumiaji wa Android sehemu nyingi za dunia waliamka na kukuta programu kama Gmail zinajifunga kila zikifunguliwa. Google ilieleza baadaye kwamba kasoro ilikuwa kwenye mfumo wa majaribio na usanidi wa Chrome na WebView, ikatoa toleo 89.0.4389.105 kuitibu. Kabla ya tiba hiyo, kilichowaokoa watu ni kuondoa masasisho ya WebView.

Njia ni ile ile ya hatua ya 5, ila badala ya kwenda Play Store, bonyeza vitone vitatu juu uchague Sanidua masasisho. WebView itarudi kwenye toleo lililokuja na simu. Programu zikipona, umepata jibu, lakini toleo hilo huenda lina matundu ya usalama ya miaka kadhaa, kwa hiyo usilikalie. Subiri siku moja au mbili, kisha sasisha tena.

Hatua ya 8: Kwa wasioogopa menyu zilizofichwa

Kwenye Kuhusu simu, gusa nambari ya muundo mara 7 hadi uambiwe wewe sasa ni msanidi. Ndani ya Chaguo za wasanidi kuna mstari wa utekelezaji wa WebView, unaoonyesha ni kifurushi kipi kinachotumika na toleo lake. Kwenye Android 7 hadi 9 unaweza kuhamia kutoka Chrome kwenda kifurushi kingine kilichowashwa. Kwenye Android 10 kwenda juu, Chrome ya kawaida haimo kwenye orodha hiyo, lakini ukisakinisha WebView Beta, yaani toleo la majaribio, kutoka Play Store nayo itatokea hapo. Toleo thabiti likiwa na kasoro inayojulikana, Beta mara nyingi inakuwa imeshatibiwa.

Ukiwa na kompyuta yenye adb, zana ya kuipa simu amri kutoka kwenye kompyuta, amri hii inakupa picha kamili:

adb shell dumpsys webviewupdate

Tafuta mstari unaoanza na *Current WebView package*. Ukikuta hakuna kifurushi kilichotajwa hapo, mtu aliizima WebView na hakuna nyingine ya kushika nafasi yake. Rudi kwenye orodha ya programu, iwashe, uwashe simu upya.

Kama ni iPhone, hatua hizi hazikuhusu. Kule kazi hii hufanywa na WKWebView, iliyomo ndani ya iOS na husasishwa pamoja na iOS. Hakuna cha kufuta wala kurudisha nyuma, sasisha mfumo.

Ikiwa umefika hapa na bado programu moja inagoma, mwandikie mtengenezaji wake. Usimwandikie "haifanyi kazi". Mpe modeli ya simu, toleo la Android, toleo la programu, toleo la WebView kama lilivyo kwenye Chaguo za wasanidi, picha ya skrini yenye kosa, na kitufe ulichobonyeza sekunde moja kabla haijajifunga.