Kambare wakubwa wa Mtera: namna ya kuwafuata kwa ndoano ukitokea Dodoma

Ukipita barabara ya Dodoma–Iringa ukafika pale Mtera kwenye bwawa, gari ikisimama tu unaletewa perege wa kukaanga dirishani, na watu wengi habari yao ya samaki wa Mtera inaishia hapo. Kaa kijiweni kidogo na wavuvi utasikia nyingine kabisa, ya kambare aliyevuta mtumbwi mpaka jamaa akakata kamba mwenyewe. Kila kijiwe kina wa kwake, na kila mwaka anaongezeka urefu. Mimi siwabishii, kwa sababu hadithi zina chumvi ila samaki yupo. Wataalamu wa samaki wanamtaja huyu kambare wetu wa kawaida kuwa anaweza kufika mita 1.7 na kilo 60. Sasa usiende na hizo kilo 60 kichwani, kambare wa mita moja kamili huwa kilo 6 mpaka 8 tu, kwahiyo mtu akikwambia alitoa wa kilo 40 muulize alikuwa mrefu kiasi gani, akionyesha kifuani kwake basi ujue hapo kuna kambare mmoja na maneno mengi. Ukitoa wa kilo 10 kwa ndoano umefanya kazi ya maana. Kilo 15 kwenda juu, huyo piga picha.

Kabla ya vifaa inabidi uelewe maji kwanza, maana ndiyo yanakuambia samaki yuko wapi. Bwawa lile lilijengwa nusu ya pili ya miaka ya 1970, TANESCO wanafua umeme pale megawati 80, na linalishwa na mito ya Ruaha Mkuu na Kisigo. Maji yakitoka hapo yanaenda Kidatu, halafu Rufiji, yanapita bwawa la Nyerere mpaka baharini, yaani mto wa pwani huo ila sisi wa kati ndo tumeushika kiunoni. Huu mto uliumwa. Mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, na sababu zilikuwa huko juu bonde la Usangu: mashamba ya mpunga yanayochepusha maji, mifugo mingi kwenye ardhioevu ya Ihefu. 2006 mifugo ikaondolewa, 2008 Usangu ikaingizwa kwenye hifadhi hiyo. Haujapona kabisa, kiangazi bado unasumbua, ila ikija miaka ya mvua nzuri bwawa linapanda kweli, maji yanaingia kwenye majani na vichaka vilivyoota pembezoni wakati wa ukame, na hapo ndo kambare anapotaga, mayai yake yananasa kwenye majani. Kwahiyo ukisikia mwaka fulani Mtera imefurika weka akilini, misimu inayofuata baada ya hapo ndo ya kwenda.

Sasa kosa la wageni wengi ni kutaka kwenda karibu na tuta wakidhani kwenye kina kirefu ndo kuna mkubwa. Kwanza lile eneo la tuta na mitambo lina ulinzi, usiende kujitafutia maelezo ya kutoa. Pili kambare hahitaji kina, anahitaji chakula na tope. Ana kiungo maalum juu ya matamvua kinachomfanya apumue hewa ya kawaida, ndo maana unamuona anapanda juu anagusa uso wa maji "pwa" anarudi, maji yenye hewa kidogo ambayo perege anahangaika yeye anaishi tu. Kwahiyo tafuta kule mito inapoingilia, sehemu maji ya kahawia yanapokutana na maji masafi kidogo, kina cha kiunoni mpaka mita mbili tatu, na ukipata mkondo wa zamani wa mto unaopita chini ya bwawa umepata barabara yao. Wavuvi wa Migoli upande wa Iringa wanaijua hiyo mikondo vizuri, mlipe mmoja siku ya kwanza akuonyeshe, hiyo hela ina faida kuliko rili ya bei mbaya.

Msimu. Huku kwetu mvua ni moja, Desemba mpaka Aprili hivi. Kuna vipindi viwili vitamu, cha kwanza ni Oktoba na Novemba, joto kali, maji yameshuka, samaki wamebanana kwenye mikondo na wana njaa. Cha pili ni mafuriko ya kwanza yakiingia, maji mekundu, kambare wanapanda kuelekea midomo ya mito kutaga na wanakula kama wana hasira. Juni na Julai baridi na upepo wa Dodoma mnaujua, bwawa linapiga mawimbi mchana na samaki anazubaa, unaweza kwenda ila nenda kwa ajili ya nyama choma. Na muda wa siku ni kuanzia jua linapozama mpaka kama saa nne usiku, halafu tena alfajiri.

Vibali jamani. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 inataka leseni hata kama unavua kwa ndoano moja ya starehe, nenda ofisi ya uvuvi ya wilaya, uliza leseni na uliza pia kama bwawa liko wazi kipindi hicho, maana mabwawa huwa yanafungwa ili samaki wazaliane. Ukifika mwaloni jitambulishe kwa BMU, yaani kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi pale, ni adabu tu na pia ndo watu watakaokuja kukutafuta ukipotelea kwenye mitumbwi. Usipande na Kisigo au Ruaha kwenda juu ukisema unafuata samaki, huko utaingia mapori ya akiba na hifadhi na hayo ni mambo mengine kabisa.

Vifaa. Dodoma mjini ukitafuta rodi nzuri (fimbo ya kuvulia) utazunguka sana, agiza Kariakoo. Unataka rodi ngumu ya futi 8 au 9, rili yenye breki inayofanya kazi (ivute kwa mkono dukani, ikikwamakwama iache), na mshipi wa nailoni wa milimita 0.50 mpaka 0.60, angalau mita 200. Huna hela ya rodi? Mshipi wa mkono uliozungushiwa kwenye chupa ya plastiki ya lita moja na nusu unatosha kabisa, watu wametoa samaki wa ajabu kwa chupa, ila vaa glovu za kazi maana ule mshipi ukikimbia unakata kiganja kama wembe.

Kufunga ni hivi. Chukua risasi, yaani kile kizito cha kuzamishia chambo, yenye tundu katikati, ya gramu 40 au 60, pitisha mshipi mkubwa ndani yake iwe inateleza bure. Mwisho wa mshipi funga kile kichuma kidogo kinachozunguka ili kamba isijisokote. Upande wa pili wa kichuma funga kipande cha nailoni nene, milimita 0.80 au zaidi, urefu kama kutoka kiganja mpaka kiwiko, na mwisho wake ndoano. Kwanini nene? Kambare hana meno ya kung'ata kama mbwa, ana vibao vya vijino vidogo vidogo vingi juu na chini vinavyosugua kama msasa, akikaa na mshipi mwembamba mdomoni dakika kumi unashangaa umekatika na hujui nani kakata. Na kwanini risasi iteleze? Akibeba chambo asihisi uzito, akihisi anatema. Ndoano ziwe kubwa, zile wanazotumia kwa sangara Kanda ya Ziwa, au za duara ukizipata ndo bora zaidi. Inoe kwa tupa mpaka ikigusa ukucha inakwama badala ya kuteleza. Fuvu la kambare ni mfupa mtupu, ndoano butu itagonga itarudi.

Chambo ndo penye siri, na siri yenyewe ni harufu. Kwenye tope lile haoni kitu, anatumia ndevu zake nane kuonja maji, kwahiyo umbo la chambo halina maana, kinachotakiwa ni kinuke na kitoe damu. Namba moja ni kichwa cha perege mbichi kilichokatwa na utumbo wake ukining'inia. Namba mbili utumbo na maini ya kuku, haya unayapata Soko la Majengo asubuhi karibu na bure, ila yafunge kwa uzi kwenye ndoano la sivyo yanachomoka ukirusha tu. Nyungunyungu wanakula pia ila utasumbuliwa na vidogo usiku kucha. Kule Kariba wenzetu wa Zambia na Zimbabwe wanavulia vundu, binamu yake kambare, kwa sabuni ya bluu ya kufulia, kabisa kabisa, ukitaka kujaribu jaribu, mimi nabaki na perege. Halafu kuna kitu wageni hawakijui, machicha ya pombe ya kienyeji. Nunua ndoo kwa mama anayepika pombe, changanya na pumba na damu kidogo ya machinjioni, finyanga madonge ukubwa wa ngumi, tupa manne matano sehemu moja kabla jua halijazama, kisha weka ndoano zako hapohapo usihamehame. Wale vidogo wanakuja kwanza, mkubwa anakuja kula hao vidogo na makombo. Mpe saa moja na nusu.

Angalia visiki, bwawa lile lilijaa juu ya miti na miti mingi ilifia humohumo imesimama. Mchana maji yakiwa yametulia kariri visiki viko wapi, usiku hutaviona na samaki anavijua vyote kwa majina.

Akigusa utaona ncha ya rodi inagonga mara mbili tatu, usivute. Huyo anaonja. Kengele ndogo ukiifunga kwenye ncha inasaidia ila ujifunze kutoishika rodi kila inapolia. Subiri mshipi uanze kwenda moja kwa moja, taratibu, bila kusimama. Kama una ndoano ya kawaida hapo ndo unafunga breki na kuvuta kwa nguvu upande, sio juu. Kama ni ya duara usivute kabisa, kaza mshipi tu zungusha rili, inajinasa yenyewe pembeni ya mdomo. Kinachofuata sio kasi, ni uzito, anakaa chini anatikisa kichwa, unasikia mpaka kwenye mabega. Usimpe mshipi kuelekea kwenye visiki, kwingine mpe aende. Mkubwa anaweza kukuchosha dakika ishirini, na akifika karibu na ukingo akaona mwanga wa tochi anaanza upya, kwahiyo zima tochi mpaka awe amechoka kweli.

Na hapo ukingoni ndo pa kuwa makini kuliko pote, maana Mtera ina mamba na ina viboko na hawa hawaangalii leseni. Kaa hatua kadhaa nyuma ya maji, rodi ikae kwenye panda iliyochimbiwa, usiinamie maji kunawa mikono ya damu ya samaki. Ukiona njia imelainika kama mtaro kutoka majini kwenda kwenye majani hiyo ni ya kiboko, atatoka jioni kula na atarudi alfajiri, usiweke hema hapo hata kama pametulia. Usiende peke yako. Mmoja anavuta, mwingine anamulika maji pembeni akitafuta macho mekundu. Kwenye mtumbwi vaa jaketi la kujiokolea hata kama wenyeji wanakucheka, na kusimama majini kusubiri samaki sahau, ukikoswa na mamba utakutana na kichocho.

Kumshika, mapezi ya pembeni ya kichwa yana miiba migumu, akijipinda inaingia kwenye kiganja. Glovu, shika taya la chini kwa mkono mmoja, mwingine chini ya tumbo, mlaze kwenye kiroba kilicholoweshwa. Mpime akiwa ndani ya kiroba kwa mzani wa kuning'iniza, toa uzito wa kiroba, pima na urefu kwa futi ya fundi, kijiweni utaulizwa.

Halafu ungana na mimi kwenye hili hata kama utanuna: akiwa jike mkubwa tumbo limejaa msimu wa mafuriko, mrudishe. Yule mmoja ana mayai makumi elfu kwa makumi elfu, na mto wenyewe ndo kwanza unajitafuta. Anavumilia nje ya maji kuliko samaki wengi, ukiwa umemlowesha na hujamning'iniza kwa matamvua ataondoka vizuri tu. Wa kula chukua wa kilo 2 au 3, ni mtamu zaidi hata, yule mkubwa nyama yake ina mafuta na harufu ya tope. Na ukikuta watu wana kokoro (nyavu za kukokota) au wanamwaga sumu waambie BMU, usigombane nao usiku.

Wa kula msugue kwa majivu au chumvi mpaka ute uishe, kata vipande, banika kwa moto mdogo kabla ya kumuunga nazi au karanga, ugali wa uwele pembeni. Kama unampelekea mtu zawadi uliza kwanza ni dhehebu gani, Wasabato kambare hawamgusi kwa vile hana magamba, utabeba samaki kutoka Mtera mpaka Area C Dodoma mjini halafu unaambiwa asante sana kaka, tuna maharage.

Kama Mtera bado inakutisha anzia bwawa la Hombolo, ni karibu na mji, kambare wapo wa kujifunzia, na chupa yako ya plastiki inatosha.