Mahojiano na wakulima wa mwani: namna ya kuuliza ili usijibiwe "ndiyo" tu

Unguja, kupata "ndiyo" si kazi. Mgeni kaja nyumbani, kakaribishwa, kapewa chai. Nani amwambie usoni kuwa wazo lake halina maana? Kwa hiyo ukibuni programu ya simu, ugumu uko kwenye namna ya kuuliza. Tuchukue mfano wa programu ya kuandika kilo na malipo ya mwani, kwa wakulima wa Paje na Jambiani.

Hatua ya 1: Andika unachotaka kuamua. Kwa mfano: kilo zihifadhiwe kwa jina la mkulima au la kikundi? Swali lisilokusogeza kwenye uamuzi huo, lifute.

Hatua ya 2: Tazama maji. Siku za bamvu, yaani bahari inapojaa na kutoka sana, maji yakitoka kinamama wako pwani na kamba zao, na ukimsimamisha mtu pale atakujibu ilimradi umwondokee. Nenda wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari haitoki sana.

Hatua ya 3: Uliza lililokwisha kutokea. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Ukiuliza:

"Bi, programu ya kuandika kilo itakusaidia?"

utajibiwa, "Sana, mwanangu." Hapo hujapata kitu. Uliza hivi:

"Bi, mara ya mwisho kuuza mwani, hebu nieleze ilikuwaje, tangu mnunuzi alipofika."

Sasa unaweza kusikia mambo kama haya: "Alikuja na mzani wake. Kilo kaandika yeye, na mimi nikamwambia mjukuu aandike kwenye daftari lake la skuli, ukurasa wa nyuma." Jibu hilo moja limekuonesha nani anapima, nani anaandika, na kwamba simu huenda ikashikwa na mjukuu. Omba kuliona daftari, kama mwenyewe hana tatizo. Huenda ukakuta tarehe hakuna, ila kuna jina la mnunuzi na alama ya vema kwa aliyekwisha kulipa. Alama hiyo ina thamani kuliko maoni ya watu kumi.

Hatua ya 4: Usitie jibu ndani ya swali. "Mnunuzi anapowapunja kilo mnafanyaje?" tayari limemhukumu mnunuzi. Anza na "Imewahi kutokea kilo zako na zake zikapishana?" Akisema haijawahi, pokea na uendelee, usimchimbe mpaka akutafutie kisa.

Na "kwa nini" itumie kwa uangalifu. Kwa mtu mzima, hasa ikitoka kwa kijana, husikika kama anasutwa. "Ilikuwaje hata ukaamua kumuuzia yule?" inaleta habari ileile bila kumkwaza.

Hatua ya 5: Nyamaza. Akimaliza kusema, hesabu kimoyomoyo mpaka tano kabla ya swali linalofuata. Mara nyingi ataongeza mwenyewe, na nyongeza hiyo ndiyo uliyoifuata.

Hatua ya 6: Mtenge mtu mmoja, kwa adabu. Jirani watakuja kukaa, na mkubwa wao atajibu kwa niaba ya wote. Usiwafukuze. Zungumza nao kwanza, kisha muombe kila mmoja akuoneshe anapoanikia mwani wake, na mkiwa njiani ndipo umuulize.

Hatua ya 7: Siku hiyohiyo, pitia maswali yako. Lililojibiwa kwa neno moja liandike upya kabla hujaenda nyumba ya pili.