Axiom Verge: piga picha ya kila ukuta uliokushinda

Kama ndiyo kwanza unaanza Axiom Verge, lile gemu la 2015 ambalo Thomas Happ alilitengeneza peke yake, kuanzia michoro hadi muziki, weka simu karibu. Kila ukifika mahali usipopita, piga picha ya skrini pamoja na ramani. Ramani inakuonyesha vyumba ulivyopita, lakini haikukumbushi ni kwa nini uligeuza. Matofali yanayohitaji drili, upenyo mwembamba unaopitwa na droni tu, ukuta mwembamba ambao baadaye utaupenya kwa koti: ukipata kifaa kipya, fungua picha zako kwanza kabla hujaanza kuzurura. Mimi nilizunguka Absu, moja ya maeneo ya gemu hili, jioni nzima nikitafuta njia niliyokuwa nimeshaiona.

La pili, na hili ndilo tamu: ukishapata Address Disruptor, kifaa cha mwale unaobadili maadui, usiwe na haraka ya kuua. Kila adui mpya mmwagie mwale huo kwanza uone anageuka nini. Wengine wanakuwa wapole, wengine wanavunja matofali ambayo risasi zako haziyawezi. Ukimuua kabla, umeua ufunguo wako mwenyewe. Mwale huohuo unasafisha zile sehemu za picha zilizovurugika, ambazo kwa macho utadhani televisheni imekufa.

Kufa kusikutie hofu. Unaamka kwenye chumba cha mwisho ulichohifadhi, na vifaa ulivyookota bado unavyo. Basi ingia tu kwenye lile shimo unaloliogopa.