Mzee hatunzwi vizuri? Jinsi ya kulalamikia nyumba ya wazee England

Wengi wetu tuliokuja kubeba boksi Uingereza tumepitia nyumba za wazee, tukiogesha, tukilisha na kugeuza wazee wa watu. Miaka inakwenda, siku moja unakuta ni mama yako mwenyewe aliyelala kile chumba cha mwisho kwenye korido. Ukiona hatunzwi vizuri, usiishie kunung'unika kwenye grupu la familia. Njia ipo. Ninayoieleza hapa ni ya England. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini wana wakaguzi wao na taratibu zao.

Kwanza pima: ni kero au ni hatari? Chai iliyopoa ni kero. Kidonda cha kulalia, michubuko ambayo hakuna anayeweza kuieleza, dawa zilizorukwa, mwili kupukutika ghafla, hizo ni hatari, na hapo usisubiri kuandika barua. Pigia simu halmashauri ya eneo ilipo nyumba hiyo, omba idara ya huduma za watu wazima, kisha litamke neno lenyewe la Kiingereza: safeguarding, yaani kumlinda mtu asidhuriwe wala kutelekezwa. Kifungu cha 42 cha Care Act ya 2014 kinaibana halmashauri ifuatilie pale mtu anayehitaji matunzo anapodhuriwa au kutelekezwa, au akiwa katika hatari hiyo, naye hawezi kujilinda. Kama maisha ya mzee yako hatarini dakika hiyo, piga namba ya dharura, 999.

Yasiyo ya dharura yanaanzia kwenye daftari, na hapa ndipo wengi tunapokwama. "Hawamjali mama" haimpeleki mtu popote. Andika hivi: Jumanne, saa nane mchana, glasi ya maji ilikuwa kwenye meza ya dirishani, mama yuko kitandani haifikii, na kengele ya kuitia imedondoka sakafuni. Nilibonyeza mimi, mhudumu akaja baada ya dakika 25.

Ukihamishia kwenye Kiingereza, angalia saa zako! Mimi saa nane niliiandika 8 badala ya 2. Meneja akafungua kitabu cha wageni, akanionyesha kwa upole kabisa kwamba saa hiyo sikuwa nimefika. Lalamiko zima likaonekana la kutunga.

Daftari likishiba, mwandikie meneja barua pepe, juu yake uweke Formal complaint (lalamiko rasmi) ili isichukuliwe kuwa ni maongezi tu. Sheria inaitaka kila nyumba iwe na utaratibu wa kupokea malalamiko, kwa hiyo omba nakala ya utaratibu huo. Eleza kilichotokea, kilivyomwathiri mzee, na unachotaka kifanyike. Hili la mwisho husahaulika sana. Sema wazi: maji na kengele viwekwe upande wa mkono wake mzima, na karatasi ya kumgeuza ijazwe kila anapogeuzwa, isijazwe kwa mkupuo mwisho wa zamu. (Niliyewahi kushika zamu naijua kalamu hiyo ya mwisho wa zamu.) Kama mzee ana akili zake timamu, utahitaji idhini yake, kama hawezi tena kuamua, eleza wewe ni nani kwake na una mamlaka gani ya kumsemea.

Kama anayelipia ni halmashauri, unaweza kuilalamikia halmashauri yenyewe. Kama NHS, huduma ya afya ya umma, ndiyo inayogharamia yote, fuata njia ya NHS.

Na CQC je? Care Quality Commission ndiyo inayosajili na kukagua nyumba hizi, lakini haiamui kesi ya familia moja moja. Hata hivyo waambie, kwa 03000 616161 au kwenye tovuti yao, maana taarifa kama zako ni kati ya wanazotazama wanapopanga ukaguzi. Alama waliyoipa nyumba lazima ibandikwe mahali inapoonekana. Usiridhike na neno Good. Tazama tarehe ya ripoti, na uanze kusoma sehemu ya usalama.

Jibu lisipokuridhisha, au ukikaushiwa, nenda kwa Local Government and Social Care Ombudsman, mchunguzi huru wa malalamiko dhidi ya halmashauri na watoa matunzo. Ni bure, na anapokea hata malalamiko ya wanaojilipia wenyewe. Kwa kawaida atataka uwe umeipa nyumba nafasi ya kujibu kwanza, na umfikie ndani ya miezi 12 tangu ulipolijua tatizo.

Wengi hunyamaza wakihofia kwamba mzee atalipiziwa au wao watazuiwa kumwona. Tangu tarehe 6 Aprili 2024, kanuni ya 9A, mojawapo ya kanuni ambazo CQC husimamia, inazitaka nyumba ziruhusu wageni isipokuwa kwa sababu za kipekee, na kulalamika si mojawapo. Endelea kwenda, na ubadilishe saa: leo wakati wa chakula cha mchana, wiki ijayo jioni zamu zinapopishana.