Kuhesabu lignokaini kabla ya kushona kidonda

Mvuvi anapofikishwa usiku kwenye zahanati ya mwaloni, iwe Igombe au ng'ambo Ukerewe, ndoano ya sangara ikiwa imezama kiganjani, muuguzi hushawishika kuvuta lignokaini, dawa ya ganzi, papo hapo. Apime uzito kwanza, kwa kuwa kikomo cha lignokaini hutokana na kilo za mgonjwa, wala si ukubwa wa kidonda.

Panapoteleza wengi ni kwenye asilimia iliyoandikwa kwenye kichupa. Asilimia 2 maana yake ni gramu 2 katika mililita 100, yaani miligramu 20 katika kila mililita. Ya asilimia 1 ina miligramu 10. Zidisha asilimia kwa 10, utapata miligramu za mililita moja. Kikomo cha lignokaini isiyo na adrenalini ni miligramu 3 kwa kila kilo, isizidi 200 kwa jumla. Mvuvi wa kilo 60 anastahili miligramu 180, ambazo ni mililita 9 za asilimia 2. Mtoto wa kilo 12 aliyekatwa na kisu cha kuparia samaki anastahili miligramu 36 tu: mililita 1.8, kiasi ambacho hakijazi hata nusu ya bomba la mililita 5. Kidonda chake kikiwa kirefu, changanya dawa hiyo na kiasi kilekile cha maji ya chumvi ya sindano. Itakuwa ya asilimia 1, nawe utapata mililita 3.6 za kusambaza bila kuongeza miligramu. Zisipotosha, usiongeze. Mpe rufaa akashonwe chini ya nusukaputi, na umwagize mama asimlishe njiani. Dawa za usingizi za kuvuta kwa pumzi, kama halotheini na isofluraini, zinahitaji mashine na mtaalamu wa usingizi, na tumbo lililojaa ni hatari mgonjwa anapolala.

Vichupa vingine vya lignokaini huwa vimechanganywa na adrenalini. Adrenalini hubana mishipa ya damu, hivyo dawa hukaa pale ilipochomwa, na kikomo hupanda hadi miligramu 7 kwa kilo. Kwa desturi salama haitumiki kwenye vidole vya mikono na miguu wala uume. Soma kichupa mara mbili, kwa maana vya aina hizi mbili hufanana mno.

Kabla ya kusukuma dawa, vuta bomba kidogo uone kama damu inarudi. Ikirudi, sogeza sindano. Choma polepole, kisha subiri dakika 5 na ujaribu kwa ncha ya koleo. Ukishona mapema, mgonjwa ataruka, nawe utadhani dawa ni mbovu.

Kidole chenye usaha ni habari nyingine. Nyama iliyooza ina asidi, na asidi huizuia dawa kupenya kwenye neva, kwa hiyo kuongeza dozi hapo ni kuongeza sumu bila ganzi. Choma mbali na usaha, kwenye shina la kidole, pande zote mbili ambako neva hupita.

Zungumza na mgonjwa muda wote. Akisema midomo inakufa ganzi, masikio yanavuma au anaonja chuma mdomoni, dawa imeingia kwenye damu kupita kiasi. Acha mara moja, ita msaada, mpe oksijeni na uweke njia ya mshipa. Degedege likianza, mpe diazepamu kwa mwongozo wa zahanati yako, na uwe tayari kumkandamiza kifua moyo ukisimama. Dawa ya kukabili sumu hiyo, emalshani ya mafuta ya asilimia 20, hutolewa mshipani kwa mililita 1.5 kwa kila kilo, lakini zahanati nyingi za visiwani hazina. Ndiyo maana mimi huandika kikomo kwenye plasta na kuibandika kando ya kibeseni kabla ya kufungua kichupa.

Mwishoni andika kwenye kadi jina la dawa, asilimia, mililita na saa uliyochoma. Mgonjwa akivushwa kwenda hospitali ya Mwanza, atakayempokea atahitaji namba hizo kabla ya kumchoma tena.