Kitabu cha wanyama cha kuchekesha: kitazame kwa mbali kwanza

Kabla hujachagua kitabu cha kuwasomea watoto maktabani, kisimamishe mezani kikiwa wazi, kisha rudi nyuma hatua tano hivi. Ukiiona vizuri sura ya fisi na anachokifanya, mtoto aliyekaa mwisho wa mkeka naye ataiona. Picha zenye vitu vidogo vidogo vingi waachie wanaosomewa wakiwa wamepakatwa.

Mimi napenda zaidi kile ambacho kichekesho kimo kwenye picha: maneno yanasema kiboko amejificha, kumbe makalio yote yako nje ya kichaka. Hapo watoto wanapiga kelele wenyewe, "Yule paleee!"

Kikiwa na kiitikio kifupi, bora zaidi. Kwa wa miaka 3 hadi 5, sentensi moja au mbili kila ukurasa zinatosha.